Je, Gari Liligeuka?

Fomu ilisema gari la zimamoto liligeuka kwa sekunde thelathini na nane.

Mkaguzi wa ramani aliisoma namba hiyo mara mbili, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, akaisoma tena. Katika miaka sita alikuwa amepokea fomu kumi na moja za aina hii, na hakuna hata moja iliyowahi kushuka chini ya dakika moja. Gari lenyewe lina urefu wa mita nane na nusu. Mahali pa kugeuzia, kwa mujibu wa ramani iliyotandazwa mezani kwake, ni duara lenye upana wa mita kumi na nne. Mita nane na nusu za chuma zigeuzwe ndani ya mita kumi na nne, mbele, nyuma, mbele, halafu zitoke, kwa muda ambao mtu hawezi hata kumenya chungwa? Machale yakamcheza.

Ofisini walimwita Bi Futi, kwa sababu ya futi ya chuma ambayo haikutoka mkobani mwake hata akienda harusini. Jina hilo halikumkera. Katika jengo lile walikuwepo watu wenye majina mabaya zaidi kwa sababu nyepesi zaidi. Kazi yake ilikuwa kusoma ramani za mitaa mipya kabla haijajengwa na kujibu swali moja: siku moto ukiwaka au mtu akianguka, msaada utaingia na kutoka? Mtaa huu ulikuwa na viwanja arobaini na saba na barabara moja tu, ndefu mita mia tatu na arobaini, isiyotokea upande wa pili. Barabara ya namna hiyo haisamehe. Tenki la gari la zimamoto huisha kwa dakika chache. Lazima gari ligeuke, likajaze maji, lirudi. Likishindwa kugeuka, hurudi kinyumenyume likiwa limeziba njia, na gari la wagonjwa linalokuja nyuma yake husimama mdomoni mwa mtaa na kupiga king'ora bure.

Chini ya fomu palikuwa na sahihi ya dereva aliyefanya jaribio. Aliitambua kabla ya kusoma jina. Ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye kituo kizima cha zimamoto kilimwita Sukani.

Hilo peke yake halikuwa kosa. Sukani ndiye dereva bora kituoni, na majaribio hupewa dereva bora. Bi Futi akafunua ukurasa wa mwisho wa faili, orodha ya watu waliokwisha kuweka nafasi za viwanja, akashusha kidole mstari kwa mstari. Kiwanja namba arobaini na saba, cha mwisho kabisa, kinachopakana na lile duara. Mbele yake palikuwa na jina la mama mkwe wake, limeandikwa kwa ukamilifu.

Akafunga faili. Akalifungua tena, kana kwamba jina lingekuwa limeondoka.

Kanuni ilikuwa wazi: ofisa akikuta ndugu yake ndani ya faili, amwandikie mkuu wa idara siku hiyo hiyo. Bi Futi aliandika barua ya mistari miwili, akaikunja, akaitia kwenye droo. Alijiambia kwamba anataka kujua ukweli kwanza. Huo haukuwa ukweli kamili.

Asubuhi yake, mumewe, mwalimu wa hesabu, alikuwa amesimama jikoni akinywa chai huku anasahihisha madaftari.

"Mama amepata kiwanja," Bi Futi alisema.

"Umeshajua? Nani kakwambia? Alitaka kukushtukiza."

"Kwa nini kunishtukiza?"

"Anasema wewe ukijua mapema utakwenda kupima." Akacheka peke yake. "Sasa umeshajua, nenda kapime."

"Nani alimtafutia?"

"Sukani. Nani mwingine ana muda wa kuzunguka na mama?" Akainua macho kutoka kwenye daftari. Baada ya miaka kumi na minne ya ndoa aliujua ule uso. "Mke wangu. Unafikiri nini?"

"Sifikiri. Nauliza."

"Wewe ukiuliza, kuna mtu anatoka jasho."

Alikuwa anapanga mambo kichwani kama anavyopanga karatasi: muda usioaminika, sahihi ya Sukani, kiwanja cha mama yake Sukani. Kama hayo matatu yangemhusu mtu baki, Bi Futi angeshamaliza kuandika ripoti.

Mama mkwe alikuwa bado anaishi kwenye nyumba ya zamani, katikati ya mtaa ambao kila mtu alisogeza ukuta wake mbele kidogo mpaka njia ikabaki upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Miaka mitatu nyuma, baba mkwe alianguka bafuni. Gari la wagonjwa lilifika upesi sana, likasimama barabara kubwa. Wanaume wanne waling'oa mlango wa jikoni, wakamlaza juu yake, wakambeba. Mumewe Bi Futi alishika pembe moja ya mlango ule, Sukani nyingine. Walipofika kwenye gari, daktari alimpima mara moja tu, akavua glavu.

"Karibu, mwanangu," mama mkwe alimpokea. "Umekuja na futi, au na miguu tu?"

"Vyote viwili. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na huyu mume wako hajui kufunga mdomo. Kaa, nikuonyeshe kabla hujaanza kunionyesha wewe."

Akatandaza mchoro wa nyumba juu ya meza, akaukandamiza kwa vikombe. Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye chumba cha mbele, kinachotazama barabara.

"Hapa nitalala mimi. Kitanda hiki hapa. Mlango huu una mita moja na nusu. Fundi alibisha, nikamwambia nyumba ni yangu na kifo ni changu. Machela inaingia, inanichukua, inatoka. Hainiinamishi, hainikunji."

"Nani alikwambia gari litafika mpaka pale?"

"Sukani. Alisema, mama, nimeligeuza mimi mwenyewe, mbele ya mlango wako."

"Alikwambia kabla hujaweka nafasi au baada?"

Mama mkwe akaondoa kidole kwenye mchoro. "Hayo ni maswali ya mkwe au ya polisi?"

"Ya mkwe, mama."

"Alinambia jioni ya siku ile ya jaribio. Kesho yake asubuhi nikaenda nikaweka nafasi. Shamba la baba yenu limekwenda huko lote, na sijuti. Tofali zimeshashushwa. Una lingine?"

Bi Futi alikuwa na lingine, lakini halikuwa la kumwuliza mama. Jaribio leo, kiwanja kesho. Katika kazi yake alikuwa ameona zawadi nyingi, na zote zilikuwa na tabia hiyo ya kuja siku moja baada ya kazi. Shamba limekwenda lote, sawa. Lakini nani alisema kiwanja hakikuuzwa kwa bei ya rafiki? Akaaga. Mlangoni mama mkwe akamshika mkono.

"Wewe ndiye unayepitisha ile ramani?"

"Mimi ndiye ninayeikagua."

"Basi sina wasiwasi," alisema, na akamwacha mkwe wake na wasiwasi wote.

Kituo cha zimamoto kilinuka dizeli na sabuni. Mkuu wa kituo, mtu wa maneno machache, alimpa daftari la safari bila kuuliza. Kila gari linalotoka huandikwa humo: dereva, saa, limekwenda wapi, limerudi likiwa na hali gani. Bi Futi akautafuta ukurasa wa siku ya jaribio. *Gari la pili. Dereva: Sukani. Tenki: tupu. Kazi: jaribio la barabara. Limerudi na matope mengi, limeoshwa.*

"Shemeji!" Sukani aliingia akijifuta mikono kwa kitambaa, mwili mpana, tabasamu pana zaidi. "Umekuja kuzima moto gani?"

"Wa karatasi."

"Huo ndio mbaya. Hauna moshi, unakuja kushtuka umebaki majivu." Akaja kusimama nyuma yake, akauona ukurasa. Tabasamu halikuondoka, ila macho yaliacha kushirikiana nalo. "Kitabu hicho hawasomi wake za kaka zangu. Wanasoma wakaguzi."

"Leo nimekuja mkaguzi."

"Haya, mkaguzi. Uliza."

"Kwa nini tenki lilikuwa tupu?"

"Majaribio yote tunakwenda na tenki tupu. Maji yenyewe ya kugombania, nikayatembeze?"

"Sekunde thelathini na nane, Sukani."

"Ulitaka ngapi? Nikae mpaka chai iive?"

"Wenzako huchukua dakika na zaidi."

"Wenzangu si mimi." Aliyasema bila majivuno, kama mtu anayetaja kimo chake. "Fomu yenu inauliza kama gari liligeuka. Liligeuka. Mkuu alikuwa na saa mkononi, mwulize. Au naye humwamini?"

Mkuu wa kituo alijitia anasoma kitu kingine. Bi Futi akafunga daftari, akashukuru, akatoka. Mgongo wake ulijua kwamba Sukani bado amesimama pale pale. Hakumsindikiza, na tangu wamefahamiana hajawahi kuacha kumsindikiza.

Hata hivyo, neno moja la daftari lilimfuata mpaka nyumbani: matope. Alitazama kumbukumbu za mvua ofisini. Mvua kubwa ilinyesha siku mbili kabla ya jaribio. Baada ya hapo, wiki tatu za jua kali bila tone. Gari zito lililopita kwenye matope yale lilikuwa limeacha maandishi yake, na jua limeyachoma yakawa kama tofali. Sahihi za watu huweza kubembelezwa. Matope yaliyokauka hayana shemeji.

Alikwenda peke yake, asubuhi na mapema, bila kutoa taarifa. Mtaa mpya ulikuwa bado ni pori lililochongwa: barabara ya kifusi, nguzo tatu za umeme zilizolazwa chini, majani ya kimo cha magoti kila upande. Aliipima barabara kila mita hamsini. Upana ulikuwa sahihi. Akahisi kitu kilichofanana na kukata tamaa, na akajionea aibu kwa hisia hiyo, kwa sababu maana yake ilikuwa moja: alikuwa amekuja akitaka kukuta uovu.

Mwishoni, alama za matairi zilikuwepo, za nyuma zikiwa mbilimbili, safi kama zimekatwa kwa kisu. Mbele, kushoto, nyuma, mbele, zikatoka. Kazi ya mtu anayejua. Lakini mpaka wa barabara ulikuwa wapi? Alichukua ramani akaanza kutafuta mawe ya mpaka. Ilimchukua dakika kumi na mbili kulipata la kwanza, kijiwe cha zege chenye rangi nyekundu, kimezama usawa wa ardhi, kimefunikwa na majani. La pili lilikuwa limelala ubavu. Tairi lilikuwa limepita juu yake.

Akatoa futi. Upande wa kushoto, magurudumu ya mbele yalikuwa yameingia mita mbili na sentimita kumi ndani ya kiwanja namba arobaini na saba. Upande wa kulia, ya nyuma yalikuwa yameingia mita moja na sentimita arobaini ndani ya kiwanja namba arobaini na sita. Sukani hakugeuza gari ndani ya mita kumi na nne. Aligeuza ndani ya kumi na saba na nusu. Na juu ya alama za kushoto, zimepangwa vizuri kwa safu sita, zilikuwa tofali za mama mkwe. Gari lile lile, na dereva yule yule, leo wasingeweza kurudia.

Basi alidanganya, aliwaza, na moyo wake ukatulia kwa namna isiyopendeza.

Gari dogo jeupe likaja likasimama nyuma yake. Mwenye mradi wa viwanja akashuka, viatu vyake vikiwa safi kupita kiasi kwa mahali kama pale.

"Bi mkaguzi. Ungeniambia, ningekuletea hata kiti."

"Siku ya jaribio, nani alimwonyesha dereva mipaka?"

"Mipaka gani?"

"Barabara inaishia wapi na kiwanja kinaanzia wapi. Alijuaje?"

Akafikiri, au alijitia kufikiri. "Hakuna aliyeuliza. Mpima ardhi hakuwepo, siku hiyo hahitajiki. Dereva alitazama ardhi, akachagua palipo pagumu. Mkuu wa kituo alitazama saa yake. Mimi nilitazama nisichafuke."

"Gari liligeuzwa ndani ya viwanja vya watu."

"Inawezekana." Hakushtuka hata kidogo, na hilo lilimtia shaka zaidi kuliko kama angeapa. Alirudi garini, akatoa nakala ya fomu kwenye bahasha ya plastiki. "Sasa nisaidie. Nionyeshe mahali hapa panaposema niweke kamba, au nisafishe mawe ya mpaka, au nijaze tenki. Kila ulichodai nimekupa."

Bi Futi akaisoma, ingawa alikuwa anaijua kwa moyo. *Upana wa barabara. Je, gari lilifika mwisho? Je, gari liligeuka? Muda.* Mistari minne na sahihi mbili.

"Fomu nzuri," mwenye mradi alisema. "Fupi. Zile za zamani zilikuwa kurasa tisa. Nani aliiandaa hii?"

Alimtazama usoni kuona kama anajua. Uso haukumwambia kitu. Pembeni mwa karatasi, kwa herufi ndogo kuliko sisimizi, palikuwa na tarehe ya miaka sita iliyopita na vifupisho vya jina lake mwenyewe.

Aliikumbuka siku hiyo vizuri. Fomu ya zamani ilikuwa na mchoro ambao dereva alitakiwa kuonyesha njia ya gari kati ya mipaka. Hakuna aliyeujaza sawasawa. Wengine walichora samaki. Yeye ndiye aliyesimama kwenye kikao akasema tuutoe, tuulize swali moja lisilo na ubishi: liligeuka au halikugeuka? Walimpigia makofi.

Usiku huo, baada ya kurudi kutoka kupima, alilala vizuri, jambo lililomshangaza. Asubuhi alielewa kwa nini: mambo yale matatu ya kwenye faili yalikuwa yamejipanga upya. Kiwanja namba arobaini na saba alikiona kama malipo. Lakini mtu anayejua kwamba gari haligeuki pale, aliyebeba pembe ya mlango na baba yake juu yake, amchukue mama yake akamlaze palepale? Hoja ilikuwa na nguvu. Ilikuwa pia hoja ya moyo, na moyo hauna milimita. Alitoa barua kwenye droo, akaongeza mstari wa tatu unaosema ilikaa humo siku nne, akaipeleka kwa mkuu wa idara. Jibu lilirudi kabla ya mchana: jaribio lirudiwe, lisimamiwe na mkaguzi mwenzake, na yeye asiguse saa wala kalamu. Ashike kamba tu.

Siku ya jaribio, kamba zilifungwa kwenye nondo kufuata mawe ya mpaka, kwa kimo cha ukuta, na vitambaa vyekundu kila hatua. Tenki lilijazwa. Mama mkwe alikuja, hakuna aliyejua kaletwa na nani, akaketi juu ya tofali zake mwenyewe, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri mkutano uanze.

Sukani alishuka garini, akazunguka duara lote kwa miguu. Akasimama kwenye alama zake za zamani. Akazitazama, akaitazama kamba, akazitazama tena.

"Hizi kamba ndizo mpaka?"

"Ndizo," Bi Futi alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Mpaka ulikuwa chini ya majani."

Akachutama, akaliinua lile jiwe lililolala ubavu, akalipangusa kwa kidole gumba mpaka rangi nyekundu ikatokea. "Kwa hiyo siku ile nilikuwa naligeuzia chumbani kwa mama."

Akalisimamisha jiwe mahali pake.

"Nikuulize, mkaguzi," alisema bila kuinuka. "Kile kitabu ulikisoma ukitafuta nini?"

Bi Futi angeweza kusema alitafuta tarehe. "Nilitafuta kama umepewa kiwanja."

"Mimi?"

"Wewe."

"Ukakuta nini?"

"Matope."

Sukani akatoa kicheko kifupi kilichoishia puani, akapanda garini, akafunga mlango taratibu mno.

Alijaribu kwa dhati. Hilo kila mtu aliliona. Mbele, mpaka pua ya gari ikaisukuma kamba ikapinda. Nyuma, kidogo. Mbele tena. Gari zito la maji liliyumba kila lilipokata kona, na kifusi kikalia chini ya matairi. Mara ya tano nondo moja ikalala. Mara ya saba, nondo ya pili ikalala. Mara ya tisa likatoka, likiunguruma, na mwenzake Bi Futi akasoma saa: dakika nne na sekunde kumi. Kama kamba zile zingekuwa ukuta, lisingetoka kabisa.

Sukani akashuka na kwenda kwa mwenzake Bi Futi, akamwomba fomu. Kwenye swali la tatu, *Je, gari liligeuka?*, akaandika mwenyewe: HAPANA, kwa herufi kubwa, akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka kidogo.

"Sasa?" mama mkwe akauliza kutoka kwenye tofali. "Nimeona maonyesho. Niambieni maana yake."

Mwenye mradi akaanza kukohoa. Bi Futi akamwahi. "Duara lazima lipanuliwe, mama. Mita nne kutoka kiwanja namba arobaini na sita, nne kutoka chako."

"Arobaini na sita hakina mtu bado," mwenye mradi alisema. "Kile nakata leo. Na mama nitamrudishia pesa za sehemu yake. Au achukue kingine, ila vya mbele vyote vimekwisha."

"Nikikataa?" mama alimwuliza mkwe wake, si mwenye mradi.

"Ramani haipiti. Si kwako tu, kwa wote."

"Nikikubali, nyumba yangu inapoteza nini?"

Bi Futi hakuhitaji kutoa mchoro. "Chumba cha mbele. Utalala nyuma. Machela itapita ukumbini, itakata kona moja."

"Moja?"

"Moja, mama. Nimepima."

"Baba yenu alikatishwa kona tano," mama mkwe alisema. "Nilikuwa nyuma yake, nilizihesabu. Ya nne walimgonga kichwa ukutani, na mimi ndiye niliyeomba ukuta radhi, akili ilikuwa imeniruka." Akajiinua, akajipangusa vumbi la saruji. "Yeye mlimbeba juu ya mlango. Mimi mngenibeba juu ya nini, dirisha? Haya. Toeni tofali zangu barabarani."

Sukani ndiye aliyeanza. Alibeba tatu tatu, akazipeleka nyuma ya kamba mpya ambayo mwenzake Bi Futi alikuwa anaifunga mita nne ndani. Bi Futi akatia futi mkobani, akakunja mikono ya blauzi, akabeba mbili. Mwenye mradi alivitazama viatu vyake, kisha akabeba moja.

"Nyie," mama mkwe akasema, akiwa amesimama kivulini mwa gari la zimamoto. "Na nyumba yenu, mwanangu? Kule mnakokaa, gari liligeuka wapi?"

Bi Futi alisimama na tofali zake mkononi. Mtaa wao ulikuwa wa tatu kati ya ile mitaa kumi na moja ya fomu zake. Fomu yake aliikumbuka: dakika moja na sekunde tano. Nyumba yao ilikuwa mwishoni, ukuta wao unagusa duara, na ukuta ule aliuchagua yeye, akausimamia yeye. Lile duara hakuwahi kulipima. Fomu ilisema ndiyo.

Alizishusha tofali, akamfuata Sukani mpaka kwenye safu mpya.

"Kesho saa tatu asubuhi," alimwambia. "Nitamwandikia mkuu wako leo. Gari la pili, tenki limejaa."

"Wapi?"

"Kwangu. Halafu na ile mitaa mingine, mmoja mmoja."

Sukani akapanga tofali lake, akalisogeza kwa kiganja mpaka likanyooka na wenzake.

"Nitakuja, mkaguzi," alisema. "Ila kamba afunge mtu mwingine. Usifunge wewe, nisifunge mimi. Isije ikasemwa kuna namna."